Msaada: nataka volti 400 kutoka betri ya 9V, mita inagoma kwenye 180

Mtundu_Ubungo

Wakuu habari za saa hizi. Mwenye uelewa na mambo ya volti kubwa kwa betri ndogo naomba anisogeze kidogo hapa. Nina tyubu ya kupimia mionzi, ile ya Kirusi inaitwa SBM-20, niliiagiza mtandaoni ikafika salama, na karatasi yake inasema itumike kwenye volti 400 DC, na kuanzia 350 mpaka 475 inakuwa sawa tu. Mi nataka kifaa cha kutembea nacho mkononi, sio cha kuchomeka ukutani, kwa hiyo nikaunga 555 (kile kichipu cha kutoa mapigo) inapiga mosfeti IRF840 (swichi ya kielektroniki), koili nimeing'oa kwenye taa ya enajiseva iliyokufa, dayodi 1N4007, mwisho kuna kapasita ya 10nF ya volti 1000. Betri ni ile ya 9V ya kiboksi.

Sasa shida, nikipima kwa multimita yangu ile ya njano ya bei poa DT830 naona volti 180 basi. Nimebadilisha mosfeti, nimebadilisha 555, nimechezea frikwensi juu chini, inazunguka hapo hapo tu. Nawaza nijaze raundi za waya kwenye koili au niunge betri mbili ziwe 18V, au niweke zile ngazi za dayodi na kapasita za kuzidisha volti mara mbili. Kipi kinafaa? Na anayejua duka la koili za maana Kariakoo aniambie maana nikiuliza koili naonyeshwa za spika.

Bonge_Sinza

Mionzi Ubungo? Pale kuna foleni na moshi wa mabasi tu kaka 😂😂 pima hivyo kwanza

Kaka_Raketi

Mkuu unajitesa bure. Nenda kanunue raketi ya kuulia mbu, ndani ina kila kitu, transista, katransfoma kadogo, dayodi na kapasita zake, na inatumia betri ndogo ya chaji. Ile inatoa zaidi ya volti elfu moja, we si unataka 400 tu? Toa wavu, chukua nyaya mbili, mchezo umeisha. Mi nilifungua moja ya nyumbani wife akanuna lakini kitu kinapiga cheche safi.

Mzee_Fulaibeki

Vijana salama? Nimeona uzi huu nikasema niuchangie maana nimetengeneza TV za kichogo miaka mingi, kule kwenye skrini ya rangi tulikuwa tunacheza na volti 25,000 hivi, kwa hiyo hizi 400 tunafahamiana.

Mtundu, kabla hujanunua koili wala kuongeza betri, iangalie mita yako. Hiyo DT830 ndani yake ina rezista ya mega 1 (ohm milioni moja) tu kati ya waya mwekundu na mweusi, na ukipima unakuwa umeiunga hiyo mega 1 kwenye saketi yako, yaani mita ndiyo mzigo. Piga hesabu mwenyewe, volti 180 kwenye mega 1 ni maikroampia 180, zidisha kwa 180 unapata kama miliwati 32. Hizo miliwati 32 ukizipeleka kwenye volti 400 ni maikroampia 80, na tyubu ya SBM-20 ikiwa kwenye mionzi ya kawaida ya mazingira haifikishi hata maikroampia moja kwa wastani. Kwa hiyo saketi yako ina nguvu ya kumwaga, haijashindwa kitu, ila mita inaila yote kabla hujaiona.

Fanya hivi ujiridhishe. Tafuta rezista za mega 10, hizo zipo Kariakoo na hazina bei. Chukua moja, iunge mfululizo na betri yako ya 9V, kisha pima kupitia hiyo rezista. Ukisoma kama 4.5 basi mita yako ina mega 10 ndani, ukisoma kama 0.8 ina mega 1. Ukishajua, chukua rezista 10 za mega 10 zipange moja nyuma ya nyingine, hiyo ni mega 100, halafu mita ikae mwisho wa mnyororo, upande wa nagativu. Kwa mita ya mega 1, kila volti 1 unayoiona ni volti 101 za kweli. Mita ya mega 10 kila volti 1 ni volti 11. Na usije ukaweka rezista moja ya mega 100 hata ukiipata, ukigawa kwa 10 kila moja inabeba volti 40 tu na zile ndogo za robo wati zinavumilia bila wasiwasi.

Usiguse tyubu kwanza mpaka ulete majibu ya hicho kipimo.

Kaka_Raketi, nakuja kwako baadaye.

Mtundu_Ubungo

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Rezista nimepata, betri kupitia mega 10 imesoma 0.81 kwa hiyo mita yangu ni mega 1 kama ulivyosema. Nimepanga zile 10 kwenye verobodi (bodi ya matundu yenye mistari ya shaba), nimepima saketi ile ile bila kubadilisha chochote, mita inasema 5.3!!! Yaani ni volti 535?? Ina maana muda wote huu ilikuwa imepita 400? Mbona sasa haipandi zaidi ya hapo, nikiongeza frikwensi inabaki 5.3, 5.4.

Mzee_Fulaibeki

Marahaba kijana. Ndiyo, ilishapita zamani. Na hapo kwenye 535 kinachoizuia ni mosfeti yako yenyewe, IRF840 imeandikwa volti 500, nyingi zinavumilia zaidi kidogo halafu zinaachia. Koili ukiikatia umeme ghafla ni kama bomba la maji lenye presha ukilifunga kwa kishindo, mabomba ya ukutani yote yanagonga, ule msukumo lazima utokee mahali. Kama dayodi na kapasita vimeshajaa unatokea kwenye mosfeti. Sasa fikiria ungeunga betri mbili au ungeweka ngazi ya kuzidisha huku unaamini una 180, halafu ukachomeka tyubu yako. Ikipita mbali juu ya ile 475 tyubu inaanza kutoa umeme mfululizo, haihesabu tena, na gesi ya ndani inachoka haraka.

Kwa hiyo kazi yako sio kupandisha, ni kuzuia. Na hiyo mega 100 uliyoipanga usiitupe, iache kwenye saketi moja kwa moja. Chini yake weka variable (rezista ya kuzungusha) ya 500k mpaka nagativu, mguu wa kati upeleke kwenye besi ya transista BC547, emita nagativu, kolekta kwenye pini namba 4 ya 555, na pini 4 hiyo hiyo ipewe rezista ya 100k kutoka pozitivu ya betri. Kapasita ya 10nF kati ya besi na nagativu ili itulie. Volti ikifika 400 zinapita maikroampia 4 kwenye mnyororo, ukirekebisha variable besi inafika volti 0.6, transista inafunguka, inavuta pini 4 chini, 555 inanyamaza. Volti ikishuka kidogo inaanza tena. Utaona hata betri inapumua maana mosfeti haipigi muda wote.

Kuna watakaokwambia uweke zena (dayodi za kukata volti iliyozidi) nne za volti 100 mfululizo. Inawezekana, ila zena inafanya kazi kwa kuchoma kilichozidi, kwa kifaa cha betri ni hasara.

Dayodi badilisha. 1N4007 ni ya umeme wa 50Hz, kwenye maelfu ya mapigo kwa sekunde inachelewa kujifunga na sehemu ya ulichokusanya inarudi nyuma. Weka UF4007, ukikosa angalia kwenye mabodi ya chaja zilizokufa utakuta FR107, sio kali kama UF lakini inaishinda 4007 mbali.

Kaka_Raketi

Mzee bado unanidai maelezo ya raketi 😀

Mzee_Fulaibeki

Raketi sio mbaya, tena ile ngazi ya dayodi na kapasita iliyomo ndani ina heshima zake. Cockcroft na Walton pale Cambridge mwaka 1932 walitumia ngazi ya aina hiyo hiyo, kubwa kama ghorofa, wakapasua kiini cha atomu ya lithiamu, na 1951 wakapewa Nobel. Leo inaua mbu Manzese.

Tatizo lake ni kwamba haina breki. Inapanda mpaka inapochoka, na inapochoka inategemea betri imejaa au imeisha. Tyubu ya 400 ukiipa elfu moja na kitu umeiua. Anayetaka kuitumia achukue katransfoma na transista tu, aache ngazi, aweke dayodi moja ya kasi na kizuizi kama hicho nilichomwelekeza Mtundu. Lakini kizuizi cha pini 4 kinataka 555, raketi haina, kwa hiyo utavuta besi ya ile transista ya raketi chini badala yake. Inafanya kazi, ila marekebisho yake yanasumbua kuliko kuanza upya.

Dula_Mbagala

Nina kamera za zamani za filamu zenye flashi, mbili tatu zipo ndani. Zile si zinatoa volti 300 na kitu kwa betri moja ya AA? Si ndio shortcut hiyo, naweza kumpa mtundu moja

Mzee_Fulaibeki

Dula hapo naomba unisikilize vizuri. Saketi ya flashi ni nzuri sana, ila kapasita yake kubwa ndiyo inayoua. Chukulia maikrofaradi 100 kwenye volti 330, ni zaidi ya juli 5, na inabaki na chaji muda mrefu baada ya kutoa betri. Ya Mtundu ni nanofaradi 10, kwenye volti 400 ni juli 0.0008. Volti karibu sawa lakini ya Mtundu itakushtua uachie bisibisi, ya flashi inaweza kukutoa roho ikipita mkono huu kwenda mkono ule. Hapa watu wanaogopa volti wakati cha kuogopa zaidi ni kapasita iliyokaa nyuma yake.

Ukitaka kuifungua kamera, kabla ya kugusa chochote weka rezista ya 1k au 2k ya wati 5 kwenye miguu ya kapasita kwa koleo lenye mpira, subiri, pima ione sifuri, pima tena. Usipige shoti kwa bisibisi, inarusha chuma kilichoyeyuka machoni. Kisha ing'oe kabisa hiyo kapasita na uweke ya 10nF. Hapo ndipo unaweza kumpa mtu.

Na hata hiyo ya Mtundu, mkono mmoja mfukoni ukiwa unapima, na usiende kuongeza kapasita kubwa mwishoni "ili itulie". Tyubu haihitaji.

Chuma_Chakavu

Wazee samahani naingilia, hii kitu ikiongezwa nguvu si inaweza kuwa ya kupigia vibaka shoti? Huku kwetu usiku hapapitiki

Bi_Transista

Hapana Chuma. Volti 400 za maikroampia 80 kibaka atajikuna tu halafu akukasirikie, na ukiiongezea nguvu mpaka imuumize unaongelea silaha, ukimdhuru mtu ni kesi yako sio yake. Nenda na tochi kubwa na filimbi. Turudi kwenye mada.

Mtundu, mi niko Kigamboni nimewahi kutengeneza ya aina hiyo na kuna jambo mzee hajaligusa, labda kwa sababu yeye amezoea mambo ya TV yenye umeme mwingi. Hapa kwetu hewa ina unyevu na chumvi, hasa masika, na kwenye saketi ya mega 100 uchafu wa kwenye bodi nao unakuwa rezista. Yale mafuta ya kuchomelea yanayobaki kahawia kati ya miguu, asubuhi yakinyonya unyevu yanapitisha umeme. Ukute kati ya pozitivu ya volti 400 na nagativu pameumbika njia ya mega 100, hiyo ni maikroampia 4 nyingine zinapotea bure, sawa sawa na zile za kipimo chako, mara mbili ya matumizi bila hata tyubu. Mbaya zaidi njia hiyo ikitokea sambamba na rezista zako za kipimo. Kizuizi kitadanganyika kidhani volti imeshafika, kitakata mapema, unabaki na 300 na tyubu haisemi kitu. Mchana jua likipiga inapona. Utatafuta tatizo mpaka uchanganyikiwe.

Kwa hiyo osha bodi kwa spiriti na mswaki laini, safisha mara mbili, iache ikauke juani. Halafu verobodi ina mistari ya shaba iliyobanana sana, kwenye upande wa volti 400 kwangua mistari ya jirani au ziinue kabisa zile rezista zisilale kwenye bodi, uziunge hewani ncha kwa ncha. Zikishatulia paka vanishi ile ya kupakia mota. Mi nilitumia rangi ya kucha isiyo na rangi, imedumu.

Mzee_Fulaibeki

Bi Transista ametoa dawa. Hilo la unyevu ni kweli kabisa, TV za watu wa pwani zilikuwa zinalia "tss tss" kwenye fulaibeki (transfoma ya volti kubwa ya TV) kila masika.

Mtundu_Ubungo

Asante dada, nimeosha kwa spiriti, hiyo bodi ilivyokuwa na makahawia hata aibu. Kizuizi kimekubali, nazungusha variable naona volti zinapanda na kushuka, nimeiacha panapokaribia 400 kwa hesabu yangu. UF4007 nimekosa nimeweka FR107 ya kwenye chaja. Nikiangalia taa ya LED niliyoweka kwenye pini 3 ya 555 kwanza ilikuwa inawaka mfululizo, sasa inakonyeza mara moja moja tu, nimefurahi kweli yaani.

Maswali mawili. Kwanza, hiyo mita niiweke sehemu gani maana naona nikiichomoa mwisho wa mnyororo mambo yanabadilika? Pili tyubu naichomelea moja kwa moja?

Bi_Transista

La kwanza: ukishaweka kizuizi cha kudumu, kile ni mnyororo wa kwake, mita iwe na mnyororo wake mwingine wa mega 100. Usizichanganye mita na besi sehemu moja, mega 1 ya mita inakaa sambamba na variable na unapoichomoa kila kitu kinasogea. Ongeza rezista 10 nyingine, ni hela ndogo.

La pili: usichomelee tyubu! Joto linaharibu muungano wa ncha na gesi inavuja. Tumia vibanio vya fyuzi ya kioo, ncha za SBM-20 zinakaa humo, ukivipanua kidogo kwa koleo. Angalia alama ya + kwenye mwili, hapo ndio inaingia volti 400 kupitia rezista ya mega 5.1 hivi, mega 4.7 pia sawa, na rezista ikae karibu kabisa na kibanio, sio mwisho wa waya mrefu. Upande wa nagativu wa tyubu weka 100k kwenda ardhi na hapo ndio unachukua mapigo kwenda transista ya spika.

Mtundu_Ubungo

IMELIA!!! Tik... tik... tik tik. Nimehesabu inakuja kama 20 kwa dakika ikiwa mezani tu. Nimechukua karabai ya zamani ya babu iko stoo, kile kitambaa chake cha kuwakia bado kiko kwenye paketi yake, nikakisogeza, inalia kama mvua kwenye bati. Ni kawaida hiyo au nimkimbize mzee?

Mzee_Fulaibeki

Ni kawaida. Vitambaa vya zamani vya karabai vilitiwa thoriamu ili vitoe mwanga mweupe. Kiache kwenye paketi yake, usikikwaruze, usipulize vumbi lake, nawa mikono, rudisha stoo. Kwa kujaribia kifaa kinatosha kabisa.

Na 20 kwa dakika kwa tyubu hiyo ndio mazingira ya kawaida. Betri utaona inaisha upesi, hiyo NE555 ya kawaida peke yake inakula miliampia kadhaa masaa yote hata ikiwa imenyamazishwa, na betri ya kiboksi haina akiba ya maana. Tafuta ICM7555 au TLC555, miguu ile ile, inachomeka pale pale, zenyewe zinatumia sehemu ndogo sana ya hiyo.

Dula_Mbagala

Kwa hiyo mtundu akienda nayo Namtumbo kule kwenye urani Mkuju atajua pa kuchimba? 😂

Bi_Transista

Atajua tu pana tiktik nyingi kuliko Ubungo. Kifaa hiki kinahesabu mapigo, hakisemi dozi, na tyubu hii haisikii alfa (aina moja ya mionzi) kabisa. Anayetaka namba za kuaminika za nyumba yake au mchanga wake wapo Tume ya Nguvu za Atomiki, wana ofisi Arusha na vifaa vilivyopimwa. Mtundu weka picha ya bodi basi tuone hizo rezista ulivyozining'iniza.

Mtundu_Ubungo

Naweka usiku dada, sa hivi niko kwenye daladala. Kaboksi nawaza kukatoa kwenye ile kopo la plastiki la siagi, au chuma ni bora?

Bi_Transista

Plastiki. Na isiwe na tundu upande wa juu ambapo mtoto anaweza kupenyeza kijiti.